Kwa nini Yellowstone nzima ina kambi moja tu yenye umeme wa kuchomeka

SEHEMU YA 1

Nimemaliza zamu, watoto wamelala, uji wa kesho umeshalowekwa. Leo siandiki kuhusu chanjo wala degedege. Naandika historia, msishangae, mwishoni mtaona kwa nini nesi ameingia huko.

Mdogo wangu anaishi Marekani na mume wake na watoto wawili. Wa pili ana miaka mitatu na ana pumu, ile ya kuamka saa tisa usiku kifua kinapiga filimbi. Mwaka jana shemeji akaazimwa na mwenzake wa kazini gari la kulala, wenyewe wanaliita RV. Si dogo. Futi 38, karibu mita 12, urefu wa basi la mkoani, ndani kuna vitanda, choo, jiko na friji. Wakapanga kwenda Yellowstone. Mdogo wangu akanitumia ujumbe wa sauti: "Dada, tumegundua hifadhi nzima ina kambi moja tu yenye umeme wa kuchomeka. Moja! Nebulaiza ya mtoto nitaichomeka wapi? Tulale ndani ya hifadhi au nje mjini? Shemeji yako anataka kando ya mto."

Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho ikawa wiki mbili. Nilitaka kujua kwanza kwa nini nchi tajiri kama ile, yenye hifadhi ya karibu kilomita za mraba 9,000, iwe na kambi moja tu ya hivyo. Kila nilipouliza kwa nini, nilikuta dubu.

SEHEMU YA 2

Yellowstone ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa tarehe 1 Machi 1872, Rais Ulysses S. Grant alipotia saini. Ndiyo ya kwanza duniani kwa jina hilo. Mara nyingi huelezwa kama pori tupu lililogunduliwa na wazungu wachache. Haikuwa tupu. Walikuwepo Watukudika, tawi la Washoshone waliowinda kondoo wa milimani, na makabila mengine yalipita humo kila mwaka kuwinda na kuchukua mawe meusi ya kutengenezea visu. Ndani ya miaka michache baada ya hifadhi kutangazwa Watukudika wakaondolewa, wakapelekwa kwenye maeneo waliyotengewa. Sisi tunaojua habari za Wamasai kuhamishwa Serengeti kwenda Ngorongoro mwaka 1959 hatuhitaji kuelezwa sana.

Na kuna tukio moja ambalo kama mama lilinikaa. Agosti 1877, hifadhi ina miaka mitano tu, Wanez Perce walipita katikati yake wakikimbia jeshi la Marekani. Mamia ya watu, wengi wao wanawake, wazee na watoto, pamoja na maelfu ya farasi. Humo humo wakakutana na watalii waliopiga kambi wakipumzika. Yaani siku moja, pori moja, familia moja imelala nje kwa starehe na nyingine imelala nje kwa sababu inafukuzwa. Baadhi ya watalii walishikwa, wawili waliuawa. Wanez Perce wenyewe walizingirwa mwishoni mwa Septemba mwaka ule ule, kilomita kama 65 tu kabla ya mpaka wa Kanada walikokuwa wanakimbilia.

Baada ya hapo ni habari za biashara, nitapita haraka. Reli ilifika karibu na lango la kaskazini mwaka 1883, na lango la magharibi mwaka 1908, na mji wa West Yellowstone ukazaliwa kwa ajili ya abiria wa treni. Mwenye hela alilala hotelini. Wa kati alilala kwenye mahema ya mistari ya bwana Wylie, aliyekuwa mwalimu, akaona familia za walimu na wakulima haziwezi bei ya hoteli. Wa chini alikuja na mkokoteni wake, farasi wake, sufuria zake, akalala anapotaka. Hao wa mwisho ndio mababu wa shemeji yangu.

Tarehe 1 Agosti 1915 magari yakaruhusiwa rasmi. Mwanzoni yalipangiwa saa za kupita ili yasiwatishe farasi. Miaka miwili tu baadaye, magari ya farasi ya kubeba watalii yalikuwa yamekwisha, na familia zikaanza kumiminika na mahema juu ya paa. Mwaka 1948 wageni walivuka milioni moja kwa mwaka kwa mara ya kwanza. Mwaka 2021 walikuwa milioni 4.86. Barabara ni zile zile, mzunguko wenye umbo la namba nane.

SEHEMU YA 3

Sasa dubu. Hapa nitakaa kidogo.

Watu wengi wanaokula mahali pamoja wanatoa taka nyingi. Hoteli za Yellowstone zilikuwa zinamwaga mabaki ya chakula kwenye majalala ya porini, na dubu wakajua. Badala ya kuona tatizo, wenye hifadhi waliona burudani. Yakajengwa majukwaa ya kukaa kama ya uwanja wa mpira, jioni watalii wanakaa na watoto wao mapajani kutazama dubu wakila mabaki. Barabarani nako dubu weusi walisimama kuomba, watu wanashusha vioo na kuwapa mkate na biskuti. Utaona picha za zamani, mtoto wa miaka minne anamlisha dubu mkononi huku baba anapiga picha. Mimi nimeziangalia kama ninavyoangalia mtoto aliyeachwa na ndoo ya maji ya moto.

Matokeo yake ndiyo haya: kuanzia miaka ya 1930 hadi mwisho wa miaka ya 1960, karibu watu 50 kila mwaka walijeruhiwa na dubu ndani ya Yellowstone. Kila mwaka! Magari na mahema yaliyochanwa yalikuwa mengi kuliko hayo. Maonyesho ya majalalani yalisimamishwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lakini majalala yenyewe yakabaki.

Kilichobadilisha mambo kilitokea hifadhi nyingine, Glacier, kaskazini mwa hapo. Usiku mmoja wa Agosti 1967, dubu wawili tofauti wa aina ya grizzly, katika sehemu mbili tofauti, waliwaua wasichana wawili waliokuwa wamelala nje. Wote wawili dubu wale walikuwa wameshazoea kula mabaki ya watu. Ndipo hifadhi zote zikashtuka.

Yellowstone ikaamua kufunga majalala. Ndugu wawili wataalamu, Frank na John Craighead, waliokuwa wanawachunguza grizzly tangu 1959 na kuwavisha mikanda ya redio shingoni, walishauri yafungwe polepole ili dubu warudi taratibu kwenye chakula cha porini. Wakubwa wakasema hapana, tunafunga sasa. Jalala kubwa la mwisho likafungwa 1970. Kama mnyonyeshaji naelewa hoja ya ndugu wale, huwezi kumwachisha mtoto ziwa leo asubuhi ukategemea alale usiku. Dubu wenye njaa wakaja kambini, na wengi wakapigwa risasi au kuondolewa. Mwaka 1975 grizzly akawekwa kwenye orodha ya wanyama waliomo hatarini. Wanasayansi wanabishana mpaka leo nani alikuwa sahihi. Upande wangu mnaujua.

Lakini kanuni iliyobaki ni nzuri, na hii mama mwenye mtoto mdogo aishike: kinachomleta dubu kambini ni harufu. Chupa ya maziwa yenye mabaki, pakiti ya biskuti chini ya kiti cha mtoto, dawa ya meno, losheni, hata kopo lililosafishwa nusunusu. Vyote vinalala ndani ya gari lililofungwa au kwenye sanduku la chuma. Havilali mezani nje hata kwa dakika ya kwenda chooni. Siku hizi kuumizwa na dubu ni nadra sana, na idadi yao katika eneo lile lote imepanda hadi karibu 1,000. Wanyama wamebaki walewale. Sisi ndio tulioacha kuacha vyombo nje.

SEHEMU YA 4

Turudi kwenye umeme wa mdogo wangu.

Baada ya vita ya pili Wamarekani walikuwa na magari, likizo na watoto wengi, na hifadhi zilikuwa zimechakaa. Mkurugenzi wa hifadhi za taifa, Conrad Wirth, akaanzisha mpango wa miaka kumi, 1956 hadi 1966, wa kujenga barabara, vyoo, vituo na kambi. Uliitwa Mission 66 na ulimeza zaidi ya dola bilioni moja. Kambi nyingi za leo zina alama ya enzi zile: njia ya kuzunguka kati ya misonobari, kona kali, na kijipande cha kuegesha kilichopimwa kwa gari la kawaida na hema au trela fupi. Mwaka 1966 kampuni ya Winnebago kule Iowa ikaanza kutengeneza magari ya kulala kwa wingi, na yakaanza kurefuka. Kambi hazikurefuka nayo. Ndiyo maana leo mtu mwenye futi 38 anaweza kukuta nafasi wazi lakini hawezi kuingia. Ukiona tangazo la urefu kwenye kambi za zamani, jua wanajumlisha na gari dogo mnalolivuta nyuma, au trela mnayoivuta.

(Nje ya mada kidogo: mtengenezaji wa trela za Airstream, Wally Byam, mwaka 1959 na 1960 aliongoza msafara wa trela zake zile za kung'aa kutoka Cape Town mpaka Cairo. Barabara za wakati ule, jamani! Wazee waliouona msafara ule sijui walifikiri ni nini.)

Sasa mahali penyewe. Panaitwa Fishing Bridge, pale mto Yellowstone unapotoka ziwani. Daraja la kwanza lilijengwa 1902, hili la sasa 1937, na watu walijipanga juu yake bega kwa bega kuvua samaki mpaka uvuvi darajani ukapigwa marufuku 1973. Tangu enzi za magari ya kwanza palikuwa na kambi kubwa, duka, hata makumbusho ya mwaka 1931. Na baadaye ikaongezwa kambi ya RV yenye bomba la maji, umeme na shimo la kumwaga majitaka kwa kila gari.

Tatizo ni kwamba yote yanayopendwa na binadamu pale, dubu naye anayapenda. Samaki wanapanda vijito kutaga, majani machanga yanaota mapema, ndama wa kulungu wanazaliwa jirani. Grizzly aliyetoka usingizi wa baridi na watoto wake anafika pale pale. Kwa hiyo hifadhi ikaamua: tutajenga kijiji kipya kusini mwa ziwa, kiitwe Grant Village, na Fishing Bridge tutaibomoa, tuwarudishie dubu.

Grant Village ikajengwa, hoteli zake zikafunguliwa miaka ya 1980. Kubomoa Fishing Bridge ikashindikana. Ukitoka hapo kwenda mashariki unafika mji wa Cody, Wyoming, kilomita kama 130, na Cody inaishi kwa wageni wa lango lile. Wafanyabiashara walisema mkiondoa kambi, watalii watapita milango mingine na sisi tutafunga. Wabunge wa jimbo wakaingilia. Mwisho wa muongo ule yakafikiwa maridhiano: kambi ya mahema ikafungwa, kambi ya RV ikabaki, kwa sharti moja. Magari yenye kuta ngumu tu. Hema haliruhusiwi, hata trela ile inayofunguka kwa kitambaa hairuhusiwi.

Basi dubu wakapata nusu, Cody wakapata nusu, na Grant Village nayo imejengwa kwenye vijito vya samaki ambavyo dubu wanavipenda vilevile. Siasa ni siasa kila mahali. Kambi ile imekarabatiwa miaka ya karibuni, ikafunguliwa tena 2022, ina nafasi zaidi ya 300 na inapokea magari marefu kabisa. Nyingine, kama Madison anayoitaka shemeji kando ya mto, hazina umeme. Jenereta inaruhusiwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, halafu kimya.

SEHEMU YA 5

Mlioniuliza inbox "sasa walilala wapi", tulieni, nafika.

Nilianza kwa kumwambia mdogo wangu Fishing Bridge bila mjadala, kwa sababu ya nebulaiza. Nililala na jibu hilo, asubuhi nikaliona halikukamilika. Pampu ya kawaida ya dawa ikitumika na spesa yenye kinyago inafanya kazi vizuri kama nebulaiza kwa shambulio dogo na la kati. Haihitaji umeme. Huku kwetu spesa ikikosekana tunatoboa chupa ya plastiki ya nusu lita na tunaokoa watoto. Kwa hiyo umeme haukuwa swali kubwa. Swali kubwa lilikuwa hewa na umbali.

Fishing Bridge iko mita kama 2,360 juu ya usawa wa bahari. Ni sawa na kulala ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. West Yellowstone, mji wa nje magharibi, ni mita 2,030. Gardiner, lango la kaskazini, ni 1,600 tu, chini ya Mbeya mjini. Wao wanatoka uwanda wa chini. Mtoto mwenye pumu, usiku wa kwanza, baridi kali, juu kote kule? Nikasema wasianzie juu. Waanzie Gardiner siku mbili. Lakini Gardiner kuna historia yake mpya: Juni 2022 mafuriko yaliikata barabara ya kutoka hapo kuingia hifadhini, na iliyopo sasa ni njia ya zamani iliyopanuliwa na kuwekwa lami mwaka huo huo. Ina miinuko na kona, nikamwambia shemeji aisome kwanza kabla ya kupeleka basi lake.

Halafu umbali. Ndani ya hifadhi kuna zahanati tatu: Mammoth, Old Faithful na Lake. Ya Lake iko kilomita chache tu kutoka Fishing Bridge, ila ni ya msimu. Hospitali kamili ziko nje, Cody, Bozeman, Livingston, Jackson. Ukiwa West Yellowstone uko mjini, ila kutoka hapo hadi Fishing Bridge ni kilomita 90, mwendo ni 72 kwa saa, na nyati wakisimama barabarani ni hao wenye barabara. Kila siku kwenda na kurudi na watoto wawili kwenye viti. Huo ndio ubaya wa kulala nje ambao bei ya chini haiuonyeshi.

Na jambo la mwisho, ambalo lilinifanya nipige simu usiku wao badala ya kuandika. Nilimuuliza shemeji, kengele ya gesi ya kaboni monoksidi ndani ya hilo gari inafanya kazi? Akasema ipo ukutani. Nikamwambia shemeji yangu, naomba uitoe usome nyuma. Akaitoa. Muda wake ulikuwa umekwisha miaka minne kabla, na betri ilikuwa imechomolewa. Mwenye gari alisema ilikuwa inapiga kelele.

Nyie mnajua kwa nini nilipiga. Tumepokea wodini familia iliyolala na jiko la mkaa ndani, msimu wa baridi ya mwezi wa saba, mlango umezibwa kwa khanga. Wazazi waliamka. Mtoto hakuamka. Gesi ile haina rangi wala harufu, inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni, na kile kidude cha kubana kidole kinaweza kukuonyesha 98 huku mtu anakufa, kwa sababu hakijui kutofautisha. Moshi wa jenereta ya jirani ukiingia dirishani ni gesi hiyo hiyo. Na dalili za mwanzo ni kichwa, kichefuchefu, uchovu, ambazo mama yeyote akiwa mita 2,300 atasema ni mwinuko tu. Ukiona wote garini wanaumwa kichwa kwa pamoja, tokeni nje kwanza, mengine baadaye.

Walinunua kengele mpya siku iliyofuata. Wakalala Gardiner usiku mbili, gari kubwa likabaki limeegeshwa, wakaingia hifadhini na gari dogo walilolivuta. Kisha Fishing Bridge usiku tatu, nafasi walizopata baada ya mtu kuahirisha, wamechomeka umeme, hakuna jenereta. Madison kando ya mto shemeji aliiona kwa macho tu, akapiga picha, akanuna kidogo.

Usiku wa pili pale Fishing Bridge mtoto alibanwa kifua saa nane. Pampu na spesa, pafu sita, baada ya robo saa akatulia. Mdogo wangu hakulala tena, akakaa dirishani na blanketi. Alfajiri akanitumia video, imetetemeka, giza giza: dubu jike na watoto wawili wanakatiza upande wa mtoni, hawaangalii magari kabisa. Nyuma ya kioo unamsikia mwanangu ananong'ona, "Mama, na yeye anawapeleka wapi?"